Sura ya Tisa: Saa Iliyosimamishwa Mapema

Ripoti ilikuwa imekwisha kuandikwa na kupigwa muhuri, tena Inspekta alikuwa ameiandika vizuri. Ndiyo maana asubuhi ile alipanda ngazi za kikosi cha zimamoto polepole kuliko goti lake bovu lilivyomlazimisha.

Kesi yenyewe haikuonekana ngumu. Karakana ya seremala ilikuwa imeungua mpaka msingi, na seremala mwenyewe alikuwa hospitalini, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Mkewe alipiga simu moto ungali kwenye rundo la maranda. Simu ikapokelewa palepale. Lakini gari halikutoka mpaka dakika nne zilipopita, na mbao kavu hazina subira ya kiasi hicho. Kumbukumbu za seva, ile kompyuta kuu ya kikosi, zilisema mpokea simu aliuuliza mfumo kiwanja kiko wapi, na mfumo ukamjibu kufumba na kufumbua. Sasa hizo dakika nne alikuwa akifanya nini, jibu liko mbele ya macho yake?

Mpokea simu huyo, mwanamke, kazini walimwita Redio. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa haishiwi maneno, akimaliza habari za watu anaanza za paka wao. Tangu siku ya moto alikuwa kama mtu aliyechomolewa kwenye umeme. Alipohojiwa alitoa maneno machache tu: alichelewa, ni yeye, hana la kuongeza. Inspekta hakupenda watu wanaokiri haraka. Alimsimamisha katikati ya chumba cha simu, mbele ya wenzake wote, akamwambia apumue nje, akamnusa mdomo kama ana pombe. Redio alipumua kama alivyoambiwa. Pombe haikuwepo. Basi Inspekta akaandika usingizi.

Bodi ya nidhamu ingekaa baada ya chakula cha mchana. Ikiipokea ripoti ile, Redio angefukuzwa kazi na jalada lake kupelekwa kwa mwendesha mashtaka, kama mtu aliyejeruhi kwa uzembe.

Kilichomrudisha Inspekta ni sauti. Jana, akifunga jalada, alikuwa ameisikiliza tena rekodi ya simu, safari hii kwa hedifoni badala ya ile spika ya ofisini kwa Mkuu wa kikosi inayokoroma kama mgonjwa. Maneno yalikuwa yale yale. Mke wa seremala analia, Redio anamwambia usikate simu mama, niambie uko karibu na nini, geti lenu lina rangi gani. Ila chini ya maneno kulikuwa na kitu kingine. Kidole kilikuwa kikigonga kitufe kimoja, kwa upole, bila kupumzika, tangu mwanzo wa simu hadi mwisho.

Mtu aliyelala hagongi kitufe.

Aliingia kwenye chumba cha simu, wenzake Redio wakiwa kazini. Walimsalimia kwa heshima zote, shikamoo afande, karibu afande, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Kwenye kiti cha Redio bado lilining'inia sweta lake la bluu. Katika ripoti Inspekta alikuwa ameliita blanketi. Alilitoa, akalikunja, akaliweka pembeni, akakaa.

Jirani wa Redio, mwanamke mnene waliyemwita Mama Pacha, alisogeza kiti chake kidogo mbali. Inspekta alimwomba amwonyeshe jinsi anavyotafuta kiwanja. Mama Pacha akaeleza, macho yake kwenye kibodi: unaandika jina la mtaa, mfumo unakuletea orodha ya majengo yote ya mtaa huo kwa majina ya wenyewe, na mbele ya kila jina kichochoro chake na bomba la maji lililo karibu. Dereva hawezi kutoka bila kichochoro na bomba, kwani akikosea njia huko ndani hageuzi.

Waliandika mtaa mdogo. Orodha ikatokea yote kabla Inspekta hajavaa miwani. Wakaandika mtaa wa karakana, ambao ndio mkubwa kuliko yote, na ndiko moto ulikowaka.

Mistari ya juu ilitokea papo hapo, ikajaza kioo cha kompyuta. Mama Pacha alibonyeza mshale wa kushuka. Ikaja mistari mingine michache. Kisha ikasimama. Kiduara kikazunguka. Akabonyeza tena, akasubiri, mistari miwili ikashuka kama matone ya bomba bovu.

Jina la seremala lilikuwa mkiani kabisa mwa orodha.

Inspekta alinyoosha mkono akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu.

"Taratibu, afande," alisema Mama Pacha. "Bonyeza kama unamwamsha mtoto. Ukiigonga kwa haraka inasusa."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Wote tunabonyeza hivyo."

Ikawa kweli. Inspekta aligeuza kiti akawaangalia. Safu nzima ya watu wazima, vidole vimeinuliwa, wakigusa vitufe kama watu wanaopima joto la pasi. Aliuliza ulianza lini mtindo huo. Walitazamana, kisha kidogo kidogo wakasimulia. Ulianza baada ya mfumo mpya kuletwa. Mitaa mikubwa ilikuwa inakwama, na Redio, kwa kuwa mdomo wake hauna mlango, ndiye aliyekwenda kwa fundi wa mfumo kulalamika. Fundi huyo wanamwita Dakta. Dakta alikuja mpaka hapa, akaangalia, akasema mbele ya wote kwamba mashine haina shida, vidole vya Redio ndivyo vizito, labda ajaribu kubembeleza. Watu walicheka sana. Redio naye alicheka. Kuanzia siku hiyo akawa anabembeleza, na wenzake wakamwiga, na hakuna aliyepeleka malalamiko tena, maana nani anataka kuambiwa ana vidole vizito?

"Nami nilicheka," alisema Mama Pacha, na hilo hakuna aliyemuuliza.

Inspekta alibaki na fundo moja, nalo lilikuwa kubwa. Kama orodha inachechemea hivi, na yeye ameiona kwa macho yake, kwa nini kumbukumbu za seva zinasema jibu lilitoka kufumba na kufumbua? Seva haina shemeji wala jirani wa kumlinda. Ama kuna mtu ameichezea, ama inasema kweli kuhusu kitu kingine.

Njia ya kwenda kwa Dakta ilipita koridoni, na koridoni, kwenye fremu ya kioo, palining'inia ile chati ambayo Mkuu wa kikosi humsimamisha kila mgeni aitazame. Ilikuwa na nguzo tatu. Waliposhindanisha mifumo ya hifadhidata, yaani ya kutunza na kutafuta orodha kama zile, kabla ya kuchagua, waliipa yote data zilezile na maswali yaleyale, wakapima muda. Nguzo ndefu ilikuwa ya mfumo waliokuwa nao miaka yote, waliouita Mkongwe. Ya kati ilikuwa ya mfumo wa bure, ambao Mkuu hakuutaka tangu mwanzo, akisema kitu cha bure hakiheshimiki. Ya tatu ilikuwa fupi, haizidi kimo cha kisoda, na hiyo ilikuwa ya mfumo mpya, Mgeni. Muda mfupi ndio ushindi. Chini palikuwa na jina la aliyefanya upimaji, fundi yuleyule, na picha yake akipewa cheti, Mkuu akimpigia makofi.

Inspekta aliitazama chati kwa muda, na kama polisi yeyote, akafikiria rushwa.

Chumba cha Dakta kilikuwa baridi kama mochwari kwa ajili ya seva. Dakta alikuwa kijana bado, shati limekunjamana, na nyuma ya kompyuta yake, ndani ya kikombe, mlikuwa na mswaki. Kwenye kona, mto na shuka. Alisimama haraka mno.

Inspekta alianza na rushwa, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza habari za mvua. Wauzaji wa Mgeni walimpa nini? Dakta alijibu kila swali bila kuyumba. Walimpa kalamu na mwavuli, mwavuli akaurudisha. Walimwalika hotelini, hakwenda. Mkataba hakuusaini yeye. Hapo macho yake yalikuwa mbele, na sauti yake imenyooka, na Inspekta akaona anapoteza muda. Akahamia kwa mzee aliyekuwa akiutunza Mkongwe, ambaye aliondoka na kinyongo. Je, hakuweza kuingia akaharibu kitu? Hapana, alisema Dakta, ruhusa zake zilifungwa siku alipoaga, na angalia, hizi hapa rekodi za kuingia. Tena akaongeza, mzee yule hawezi kufanya hivyo, ni mtu wa heshima.

Alikuwa anamtetea mtu. Mwenye hatia akipewa mtu wa kumsingizia, mara nyingi humpokea kwa mikono miwili. Huyu alimkataa.

"Mkongwe bado upo?"

"Upo. Kwenye mashine ile ya pembeni. Tunautumia kwa kumbukumbu za zamani."

"Ulinganishe na Mgeni sasa hivi, nikiona. Swali lile la mtaa wa karakana."

Dakta alisema upimaji ni kazi ya utaratibu, kuna mzigo wa mtandao, kuna mashine kuwa na joto au baridi, kwamba swali lililoulizwa mara ya kwanza huchelewa kuliko la pili, kwa sababu mara ya pili mashine bado inalikumbuka. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama siku ya chati alihakikisha mifumo yote inaanza kwa baridi. Alihakikisha. Data zilikuwa sawa? Sawa, mstari kwa mstari. Mashine? Za nguvu moja. Alikuwa mtu makini, hilo halikuwa na ubishi. Inspekta akavua saa yake ya mkono, akaiweka juu ya meza.

"Afande, saa ya mkono haiwezi kupima vitu hivi."

"Inapima dakika. Mimi naulizia dakika."

Walianza na Mgeni. Dakta aliandika swali, akabonyeza. Mistari ya juu ikatokea, na hapohapo programu yake ya kupimia ikaandika muda kwa herufi za kijani: kufumba na kufumbua. Dakta akainua mkono kutoka kwenye kibodi. Inspekta hakuinua macho kutoka kwenye saa.

"Endelea kushusha."

"Imekwisha kujibu, afande."

"Shusha mpaka jina la seremala."

Dakta alishusha. Mistari ilikuja kwa mafungu, ikasimama, ikaja. Feni za seva zilinguruma. Jina la seremala lilipotokea, mshale wa saa ulikuwa umeshazunguka kiasi ambacho Inspekta hakuhitaji kukisema.

Wakaenda kwenye mashine ya pembeni. Dakta aliuuliza Mkongwe swali lilelile. Kioo kikabaki cheusi. Hakuna hata herufi. Kikabaki hivyo kwa muda ambao mtu asiyejua angesema mashine imekufa. Kisha, kwa mkupuo mmoja, orodha nzima ikamwagika kutoka juu mpaka chini, seremala akiwemo. Programu ya kupimia ikaandika muda wake, mrefu kweli kuliko ule wa kijani.

Lakini kwa saa iliyokuwa mezani, Mkongwe ulimaliza orodha yote kwa muda ambao Mgeni haukuwa umefika hata nusu.

Inspekta alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Alijua kupika kuliko alivyojua kompyuta, na akaenda kwa njia anayoijua.

"Wapishi wawili. Mmoja analeta sahani moja moja kila ikiiva. Mwingine ananyamaza jikoni mpaka zote ziive, alete trei nzima. Saa yako inasimama lini?"

Dakta aliigeukia kibodi.

"Nimekuuliza inasimama lini."

"Sahani ya kwanza."

"Na walaji wengine?"

"Bado wana njaa, afande."

Alieleza, akiiambia meza. Programu ya kupimia aliiandika yeye mwenyewe. Aliiamuru isimamishe saa mstari wa kwanza unapotoka, kwa sababu kwenye Mkongwe, mfumo pekee aliokuwa ameuzoea, mstari wa kwanza na wa mwisho hutoka pamoja, na haikumjia kwamba kuna mfumo unaoweza kuanza kujibu kabla haujajua jibu lote. Hakudanganya siku ile. Aliamini nguzo zake. Na mfumo mpya wenyewe si mbaya, alisema, naomba uandike hivyo, haukosi kitu ila faharasa moja. Hakuna aliyeijenga, kwa kuwa chati ilionyesha haihitajiki. Ni kama zile herufi za pembeni mwa kitabu cha namba za simu. Bila hizo mfumo unaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja.

"Kuijenga ni kazi ya muda gani?"

"Muda wa kunywa chai."

Inspekta aliinua saa, akaishika mkononi bila kuivaa. "Na kumbukumbu za seva? Zile nilizozitumia?"

"Zinatumia programu ileile."

"Kwa hiyo shahidi wangu dhidi ya Redio ni saa yako."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

Dakta aliangalia mswaki ndani ya kikombe. "Shemeji alipokuja kulalamika. Usiku wake nilirudia upimaji. Nikaona."

Inspekta alisitisha kalamu. "Shemeji yako nani?"

Hapo ndipo ilipotoka, na ilitoka vibaya, kwa vipande. Redio ni mke wa kaka yake. Amekaa katika nyumba ya Redio tangu akiwa mwanafunzi, chumba cha nyuma, yeye na mama yake mzazi. Redio ndiye aliyekuwa anambandikia maji ya kuoga asubuhi za mitihani. Ni Redio aliyewaambia watu wa kazini wamwite Dakta, kwa majivuno, kabla hata hajamaliza chuo. Alipomcheka mbele ya chumba kizima hakuwa amejua bado, alisema, ilikuwa utani wa shemeji na shemeji tu. Usiku ndipo alipojua. Na asubuhi yake chati ilikuwa inawekwa kwenye fremu.

Inspekta alimuuliza kwa nini hakuijenga faharasa kimyakimya.

"Mabadiliko yoyote ya mfumo yanajazwa fomu, na Mkuu anasaini. Kuna nafasi ya sababu. Ningeandika sababu gani? Nilisema nitaandika wiki ijayo. Nikasema hivyo kila wiki."

"Na baada ya moto?"

"Baada ya moto nikasikia amekiri."

Inspekta aliuliza kama amekula nyumbani tangu siku hiyo. Hakuwa amekula, wala kulala. Alikuwa amemwambia mama yake ana kazi nyingi. Redio alikuwa akimletea chakula getini, akimwachia mlinzi, hapandi juu asije akamsumbua.

"Ulijua mimi nimeandika usingizi."

"Nilikuwepo ulipomnusa, afande," alisema Dakta. "Nilikuwa nimesimama mlangoni."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile walitazamana, na wa kwanza kuondoa macho alikuwa Inspekta. Alivaa saa yake.

Alifanya yaliyotakiwa kufanywa. Alimtaka Dakta arudie upimaji wote, mifumo yote mitatu, saa isimame mstari wa mwisho, na kila hatua irekodiwe. Ulipofika mfumo wa bure, ule usioheshimika, ulimaliza wa kwanza kwa mbali, na hakuna aliyecheka. Alimtaka ajenge faharasa kwenye nakala ya majaribio, na orodha ya mtaa wa karakana ikaja yote, seremala na wote, kabla Dakta hajarudisha mkono. Inspekta alipiga picha kioo. Aliandika maelezo ya Dakta kwa mkono, akamsomea, Dakta akasaini. Kisha akamwambia abebe kompyuta, wanashuka.

Redio alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha bodi, amekuja mapema, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alisimama alipomwona Inspekta, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri fimbo. Alipomwona shemeji yake nyuma ya Inspekta, uso wake ulibadilika, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amekula.

Inspekta alimwambia Dakta aseme.

Dakta alipiga magoti kwenye sakafu ili kompyuta ikae kwenye benchi, akamwonyesha. Alimwonyesha Mgeni bila faharasa, na Redio akaitikia kwa kichwa, ndiyo, hivyo ndivyo inavyofanya, ndiyo hiyo. Alimwonyesha Mgeni wenye faharasa. Alimweleza saa ilisimama wapi. Redio alivitazama vidole vyake.

"Kwa hiyo ningebonyeza kwa nguvu au taratibu..."

"Ilikuwa sawa tu, shemeji."

"Vidole havina kitu."

"Havina kitu. Tangu mwanzo."

Redio aliketi. Inspekta akasubiri alie au apayuke, maana ana haki ya vyote viwili.

"Juzi nilikwenda hospitali," alisema Redio. "Nikampigia magoti mke wa seremala. Nikamwambia mimi ndiye niliyemuunguza mume wako. Akaninyanyua, akaniambia nenda, nimekusikia. Wauguzi wote walikuwa wanatazama."

Dakta alikuwa bado chini sakafuni. Aliweka paji la uso kwenye ukingo wa benchi, mkono mmoja ungali kwenye kibodi, na mistari ikaanza kushuka kwenye kioo mpaka Redio alipoushika mkono ule na kuutoa.

"Mama amejua?"

"Bado."

"Asisikie kwa watu. Leo unakula nyumbani, na utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia hilo."

Mlango wa bodi ulifunguliwa. Mkuu wa kikosi alitoa kichwa, akasema wajumbe wamekaa, mtuhumiwa aingie. Inspekta akamwambia kuna shahidi mpya, anatangulia, na ripoti yake ya kwanza isisomwe. Mkuu aliuliza kwa nini isisomwe, na ile imeshagawiwa kwa wajumbe wote.

"Kwa sababu si kweli," alisema Inspekta, kwa sauti ambayo watu wa chumba cha simu, waliokuwa wamejazana mwisho wa koridoni wakijifanya wanachota maji ya kunywa, waliisikia vizuri.

Dakta aliinuka. Miguu ilikuwa imemfa ganzi. Redio naye aliinuka, akamgeuza kwa mabega, akamfunga kifungo cha juu, akamnyoosha kola ambayo ilikuwa imekunjwa usiku kucha.

"Ukiongea usitazame chini," alimwambia. "Hawatakusikia."

Akaingia, na mlango ukafungwa. Ulikuwa mlango wa mbao nyembamba. Walisikia viti vikiburuzwa, Mkuu akikohoa, kisha sauti ya kijana ikianza chini mno, ikisimama, na kuanza upya juu zaidi. Alisema ile chati ya koridoni ni ya uongo. Alisema mpokea simu alikuwa macho muda wote, na kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo akanyamaza. Mtu mmoja ndani akauliza, na huyo mpokea simu ni nani kwako?

"Ni mke wa kaka yangu," ilisema sauti. "Ndiye aliyenilea."

Inspekta alikuwa na maneno yake ya kuomba radhi tayari, ameyapanga tangu waliposhuka ngazi. Aligeuka amwambie Redio. Redio alikuwa amekaa tena, ameziba mdomo kwa kiganja, ameegemea mlango masikio wazi kama mzazi nje ya chumba cha mtihani. Bila kumtazama, alisogea pembeni mwa benchi, akampisha Inspekta nafasi, pana ya kutosha mtu mwenye goti bovu.

Inspekta aliitazama nafasi ile. Alibaki amesimama.